Wafanyakazi wa Kigeni wa Muda Nchini Kanada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mishahara na Uwekezaji

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na Waswahili wanaoishi Kanada, na pia na ndugu zao waliobaki nyumbani ambao wanafikiria kwenda huko kwa mkataba wa kazi. Wengine huuliza kwa uchungu, kwa sababu wamefanya kazi ileile kwa miaka kadhaa na malipo ya saa moja yamebaki karibu yaleyale. Wengine huuliza kwa hofu ya kulaumiwa kwamba wao ndio wanaowaharibia wenyeji mishahara. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo jambo lina mizizi, na kwa kifupi pale ambapo halihitaji maneno mengi.

Mfanyakazi wa kigeni wa muda ni nani hasa?

Ni mtu aliyeruhusiwa kuingia nchini kufanya kazi kwa kipindi maalumu, bila kuahidiwa ukaazi wa kudumu. Kanada ilianza kuwachukua vibarua wa mashambani kutoka Jamaika mwaka 1966, na Meksiko ikajiunga na mpango huo mwaka 1974. Utaratibu mpana zaidi wa vibali vya kazi ulianzishwa mwaka 1973, ukiwalenga hasa wataalamu. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2002, serikali iliporuhusu waajiri kuleta watu kwa kazi zisizodai elimu ndefu, kama vile kusafisha vyumba vya hoteli, kukata nyama kiwandani na kuhudumia wateja kwenye mikahawa.

Tangu mwaka 2014 vibali vimegawanywa katika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, mwajiri lazima kwanza aithibitishie serikali kwamba alitafuta mfanyakazi ndani ya nchi na hakumpata. Akikubaliwa hupewa barua ya tathmini ya soko la ajira, ambayo watu wengi huitaja kwa herufi zake tu, LMIA. Fungu la pili halidai tathmini hiyo, na ndani yake wamo wahitimu wa vyuo, wenzi wa wafanyakazi na wengineo, ambao wengi wao wana kibali cha wazi, yaani kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Ukurasa huu unahusu zaidi fungu la kwanza, kwa kuwa ndilo linalomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na tutakavyoeleza, kufungwa huko ndiko kiini cha suala zima.

Kibali kinachomfunga mtu kinaandikwaje?

Ni karatasi moja. Ina jina la mhusika, tarehe yake ya kuzaliwa na tarehe ambayo kibali kitakwisha; ina jina la mwajiri, aina ya kazi na mahali pa kazi; kisha masharti yamepangwa kwa namba. Sharti moja linakataza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote isipokuwa aliyetajwa, jingine linakataza kazi tofauti na iliyotajwa, na jingine linakataza kuifanyia mahali pengine.

Niliwahi kukaa mezani na kijana mmoja wa Mombasa aliyekuwa akichuma nyanya katika kitalu nyumba kusini mwa Ontario. Alikuwa ameihifadhi karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati zake za malipo, nayo ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Aliniwekea kidole kwenye mstari wenye jina la mwajiri, kisha akanionyesha kupitia dirishani lango la shamba la jirani, ambako walikuwa wakitafuta watu kwa malipo ya dola moja na nusu zaidi kwa kila saa. Alisema, "Lile pale, kaka, kwangu mimi ni kama liko Vancouver," mji ulio upande wa pili wa nchi. Ni kweli kwamba sheria inamruhusu kuhama, lakini mwajiri mpya lazima aombe tathmini yake, mfanyakazi aombe kibali kipya, na miezi inayopita katikati ni miezi ambayo mtu mwenye watoto wa kusomesha nyumbani hawezi kuimudu.

Je, wafanyakazi hawa hulipwa chini ya wenyeji?

Kwa mujibu wa sheria, hapana. Mwajiri anatakiwa kulipa angalau mshahara wa kati wa kazi hiyo katika eneo lake, yaani ule ambao nusu ya wanaoifanya hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake. Kulikuwa na kipindi kifupi, kuanzia mwaka 2012 hadi Aprili 2013, ambapo kanuni zenyewe ziliruhusu mwajiri kulipa hadi asilimia 15 chini ya kiwango cha eneo kwa kazi za ujuzi wa juu. Ruhusa hiyo iliondolewa baada ya wananchi kulalamika sana.

Hata hivyo, mtu anaweza kulipwa kiwango halali na bado mishahara ya wote ikazuiwa kupanda. Mshahara wa kati hupigwa kwa takwimu za kipindi kilichopita. Bei ya kazi hupanda pale mwajiri anapokosa watu kwa bei ya jana, akalazimika kuongeza kidogo, akakosa tena, akaongeza tena, mpaka mtu aliyekuwa amekaa nyumbani au aliyekuwa akifanya kazi nyingine akaona inafaa kuja. Ukimruhusu mwajiri kupata watu wote anaowahitaji kwa bei ya jana, hakuna anayevunja sheria na hakuna anayeonewa kwenye karatasi, lakini ile ngazi ya kupandia imeondolewa ukutani. Mwenyeji anayefanya kazi hiyohiyo hatashushiwa mshahara. Ataambiwa tu kwamba mwaka huu hakuna nyongeza, na mwaka ujao ataambiwa hivyo tena.

Kama kiwango ni kilekile, kwa nini mwajiri akubali gharama za kumleta mtu kutoka mbali?

Gharama hizo si ndogo. Tangu mwaka 2014 ada ya kuomba tathmini, ukiacha kazi za mashambani, ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na mara nyingi mwajiri wa kazi za malipo ya chini hulipa nauli ya ndege na kuhakikisha kuna mahali pa kuishi. Kama angetaka tu mikono miwili, ingekuwa rahisi zaidi kuongeza dola moja kwa saa na kumchukua mtu wa mtaa wa pili.

Anachonunua ni uhakika. Mfanyakazi mwenye kibali kilichofungwa hawezi kuondoka katikati ya msimu, hawezi kudai nyongeza kwa kutishia kwenda kwa jirani, na akikasirika anafikiria mara mbili kabla ya kusema, kwa sababu akipoteza kazi hupoteza pia mapato yanayomweka nchini, na mara nyingi hupoteza na kitanda anacholalia. Wachumi wana maneno yao ya kueleza hali ya mnunuzi mmoja mwenye nguvu kuliko wauzaji wote. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu asiyeweza kuondoka hana bei. Ana kiwango alichopangiwa. Wapo waajiri wengi waungwana ambao hawautumii uwezo huo vibaya, na tumekutana nao. Lakini mfumo wa ajira haupimwi kwa uungwana wa walio bora ndani yake. Tomoya Obokata, mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu aina za kisasa za utumwa, aliitembelea Kanada mwaka 2023 na kuutaja mpango huu kuwa mazalia ya utumwa wa kisasa, na sababu kuu aliyoitaja ilikuwa hiihii ya kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja.

Kuna ushahidi gani kwamba kumfungua mfanyakazi huongeza malipo yake?

Ushahidi mzuri zaidi hautoki Kanada. Unatoka Falme za Kiarabu, mahali ambapo Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wanapafahamu kuliko Ontario. Chini ya mfumo wa kafala, yaani wa udhamini wa mwajiri, mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake alihitaji barua ya mwajiri wa zamani ya kutokuwa na pingamizi ili aajiriwe na mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2011 nchi hiyo iliondoa sharti hilo kwa wale ambao mikataba yao ilikuwa imefika mwisho. Suresh Naidu, Yaw Nyarko na Shing-Yi Wang walifuatilia kumbukumbu za malipo kabla na baada ya badiliko hilo, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 walikuta kwamba mapato ya wafanyakazi waliofunguliwa yalipanda kwa zaidi ya asilimia 10, na wengi zaidi walibaki badala ya kurejea makwao.

Tuutazame utafiti huu kwa makini, kwa sababu hakuna aliyepata ujuzi mpya siku ile, wala mafuta hayakupanda kwa ajili yao. Mtu yuleyule, kwa mikono ileile, alianza kulipwa zaidi kwa sababu sasa angeweza kwenda kwingine. Asilimia 10 hiyo ilikuwa bei ya barua. Utafiti huohuo ulionyesha pia upande wenye uchungu: kampuni ziliajiri watu wapya wachache zaidi moja kwa moja kutoka ng'ambo, kwa hiyo waliokuwa bado wanasubiri Nairobi au Dhaka walipata nafasi pungufu.

Je, mishahara na ajira za wenyeji hushuka kweli?

Hapa wataalamu hawakubaliani, na si haki kwa msomaji kuficha hilo. Mwaka 2014 mchumi Dominique Gross aliangalia kipindi cha kuanzia 2002 ambapo masharti ya kuajiri wageni yalilegezwa, na akahitimisha kwamba ulegezaji huo ulichangia kuongeza ukosefu wa ajira katika mikoa ya Alberta na British Columbia. Kwa upande mwingine, Michael Clemens na Ethan Lewis walizichunguza biashara za Marekani zilizoingia kwenye bahati nasibu ya vibali vya kazi za msimu zisizo za kilimo mwaka 2021. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua nani apate, ilikuwa rahisi kulinganisha waliopata na waliokosa, na ilionekana kwamba waliopata walizalisha zaidi bila kupunguza wafanyakazi wa Kimarekani.

Kwa maoni yetu matokeo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Biashara moja inayokosa watu wa kukata nyasi msimu wa joto hupoteza kandarasi, na wenyeji inaowaajiri kama wasimamizi hupoteza kazi pamoja nayo. Lakini serikali inapofungua mlango kwa mkoa mzima, tena kwa miaka mingi, kinachobadilika ni mazoea ya waajiri wote: hawatangazi tena kwa bidii, hawafundishi vijana, wala hawaongezi malipo. Kipimo cha biashara moja kwa mwaka mmoja hakiwezi kuyaona mazoea hayo.

Uwekezaji unahusianaje na jambo hili?

Mwenye biashara anayetaka kuzalisha zaidi ana njia mbili: kuongeza watu au kuongeza vifaa. Mashine ina gharama kubwa ya mwanzo, na haivutii mpaka kazi ya mikono iwe ghali au adimu. Kwa hiyo mtu anayehakikishiwa mikono kwa bei isiyopanda ana sababu ya kuahirisha mashine, na kuahirisha huko kukirudiwa katika maelfu ya biashara, nchi nzima hubaki nyuma katika tija, yaani thamani inayozalishwa kwa saa moja ya kazi.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Marekani. Kuanzia mwaka 1942 hadi mwisho wa 1964 mashamba ya nchi hiyo yalipokea vibarua wa Kimeksiko kwa mikataba ya muda, na katika kilele chake mpango huo, uliojulikana kwa jina la Bracero, ulitoa zaidi ya mikataba 400,000 kwa mwaka. Wakati wote huo, katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, Jack Hanna alikuwa akizalisha nyanya ya aina mpya, yenye ganda gumu lisilopasuka na inayoiva kwa pamoja, huku mhandisi Coby Lorenzen akitengeneza mashine ya kuivuna. Mashine ilikuwa inakata mmea mzima chini, inaupandisha kwa mkanda, inautikisa mpaka nyanya zinaanguka, na watu waliosimama pembeni juu ya mashine hiyohiyo wanatoa mbovu na mbichi kwa mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine ilikuwepo, lakini wakulima wachache sana waliitaka. Mpango ulipofutwa waliikimbilia, na kufikia mwisho wa muongo huo karibu nyanya zote za kusindikwa za California zilikuwa zinavunwa kwa mashine.

Basi kuwafukuza wageni huongeza mishahara na mashine kwa pamoja?

Mashine, wakati mwingine. Mishahara, haikuwa hivyo. Clemens, Lewis na Hannah Postel walichapisha mwaka 2018 utafiti uliolinganisha majimbo yaliyotegemea sana vibarua wa Bracero na yale ambayo hayakuwatumia, na hawakuona kwamba malipo ya vibarua wa Kimarekani yalipanda kwa kasi zaidi mahali wageni walipoondolewa, ingawa rais na bunge walikuwa wameufuta mpango kwa ahadi hiyohiyo. Wakulima wa nyanya na pamba walinunua mashine. Wakulima wa mazao yasiyokuwa na mashine, kama asparagasi na stroberi, walipunguza kilimo.

Tunaomba msomaji auweke mfano huu kando ya ule wa Falme za Kiarabu. Huku watu waliondolewa na malipo hayakupanda. Kule watu waliachwa wakae, wakapewa uhuru wa kuhama, na malipo yakapanda. Wanaodai kwamba mgeni ndiye tatizo hawana jibu la tofauti hiyo. Ugeni ulikuwepo pande zote mbili, na kilichobadilisha malipo kilikuwa ni kamba.

Je, hakuna sekta ambayo wafanyakazi hawa huongeza uwekezaji?

Ipo, na ni vyema kuisema waziwazi. Leamington, mji mdogo wa Ontario karibu na Ziwa Erie, umezungukwa na vitalu nyumba vya nyanya, matango na pilipili hoho, ambavyo ni miongoni mwa mkusanyiko mkubwa zaidi wa aina hiyo katika Amerika Kaskazini. Ukiingia ndani ya kimoja utakuta mitaji mikubwa: taa za kuoteshea wakati wa baridi, mabomba yanayopeleka maji na mbolea kwenye kila shina kwa amri ya kompyuta, reli za chuma kati ya mistari ambamo toroli la mchumaji hupita. Mwenye mtaji hakuthubutu kujenga haya yote bila uhakika kwamba watakuwepo watu wa kuchuma. Kwa hiyo vioo na kompyuta viliongezeka pamoja na vibarua, si badala yao. Lakini ukitazama mkono wa mchumaji, ule unaozungusha kikonyo cha hoho na kukikata kwa kisu kidogo, utaona kwamba kazi yake yeye haijabadilika sana. Fedha ziliwekezwa kila mahali ndani ya jengo lile isipokuwa pale ambapo kazi ya mtu ilikuwa imeshahakikishwa kwa bei nafuu.

Je, Kanada ina uwekezaji duni kwa sababu ya wafanyakazi hawa?

Kwa sehemu ndogo tu. Machi 2024 Carolyn Rogers, naibu gavana mwandamizi wa Benki Kuu ya Kanada, alitoa hotuba huko Halifax akieleza kwamba mwaka 1984 saa moja ya kazi Kanada ilizalisha asilimia 88 ya thamani iliyozalishwa Marekani, na kufikia 2022 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 71. Alieleza pia kwamba biashara za Kanada hazimpatii mfanyakazi mashine, programu na mafunzo kwa kiwango cha majirani zao. Sababu ni nyingi: ushindani hafifu katika sekta kadhaa, kuanguka kwa bei ya mafuta kulikoanza 2014 na kukausha uwekezaji wa Alberta, na mengineyo. Wenye vibali vilivyofungwa ni sehemu ndogo ya nguvu kazi ya nchi nzima, na si sahihi kuwabebesha mzigo wa taifa. Athari yao inaonekana wazi katika sekta chache wanakokusanyika, hasa kilimo, usindikaji wa samaki na nyama, hoteli na mikahawa.

Ni nini kilichobadilika kati ya 2022 na 2024?

Aprili 2022, waajiri wakilalamikia uhaba mkubwa wa watu baada ya korona, serikali iliongeza sehemu ya wafanyakazi wa malipo ya chini ambao biashara moja ingeweza kuwachukua kutoka nje: kutoka asilimia 10 ya wafanyakazi wake hadi 20, na hadi 30 katika sekta saba. Iliondoa pia katazo la kupokea maombi ya hoteli, mikahawa na maduka katika maeneo yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 au zaidi. Kufikia 2023 vibali vilivyoanza kutumika chini ya mpango huu vilipita 183,000, ongezeko la karibu asilimia 88 ukilinganisha na 2019.

Wachumi kama Mikal Skuterud wa Chuo Kikuu cha Waterloo walikuwa wameonya mapema kwamba uhaba wa wafanyakazi si ugonjwa wa kutibiwa kwa haraka. Uhaba huo ndio unaowasukuma waajiri kuongeza malipo na kununua vifaa. Septemba 2024 serikali iligeuka. Kikomo kilirudi asilimia 10, isipokuwa katika afya, ujenzi na chakula. Katazo la maeneo yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 lilirejeshwa na kupanuliwa. Na muda wa kibali cha malipo ya chini ukawa mwaka mmoja badala ya miwili. Novemba mwaka huohuo kiwango kinachotenganisha malipo ya juu na ya chini kiliinuliwa kwa asilimia 20. Septemba 2025 kiongozi wa upinzani Pierre Poilievre alitaka mpango wote ufutwe.

Kufupisha kibali kuwa mwaka mmoja kulipokewa vizuri na wengi, nasi tunaliona kuwa kosa. Mfanyakazi anayelazimika kuomba upya kila mwaka anamtegemea mwajiri zaidi, si pungufu, na mwajiri anayejua kwamba mtu ataondoka baada ya miezi 12 hana sababu ya kumfundisha kuendesha mashine mpya.

Je, kutoza ada kubwa kwa mwajiri kungesaidia?

Singapore imejaribu kwa muda mrefu. Huko mwajiri hulipa serikali ada ya kila mwezi kwa kila mfanyakazi wa kigeni wa malipo ya chini, na kuna kikomo cha idadi. Mwaka 2010 kamati ya mikakati ya uchumi ilipendekeza ada zipandishwe hatua kwa hatua ili kusukuma tija ikue kwa asilimia 2 hadi 3 kwa mwaka. Ada peke yake haikutosha, kwa hiyo serikali ilishika upande wa pili pia: iliwapa wafanyabiashara nafuu ya kodi kwa ununuzi wa vifaa na mafunzo, na kuanzia mwaka 2014 ikadai kwamba katika miradi ya nyumba kwenye viwanja vinavyouzwa na serikali, vyumba vya kuogea viletwe vikiwa vimekamilika kutoka kiwandani, vigae na mabomba yakiwa tayari, na kupachikwa kwa winchi. Kazi iliyokuwa ya mafundi kadhaa kwa siku kadhaa juani ikahamia kwenye karakana. Udhaifu wa ada ni kwamba mfanyakazi haoni hata senti yake. Mwajiri analipa zaidi, serikali inapokea, na aliyebeba tofali anabaki palepale.

Je, ni wageni wote wanaoleta athari hii?

La. Uswisi ilipofungua mipaka yake kwa hatua, kati ya 1999 na 2007, kwa wakaazi wa nchi jirani wanaovuka kwenda kazini na kurudi makwao, wengi walioongezeka walikuwa na elimu ya juu, na utafiti ulionyesha kwamba kampuni zilizowahitaji zilikua na kubuni zaidi, na mishahara ya Waswisi wenye elimu ya juu ilipanda.

Nasi wa Afrika Mashariki tusimame upande gani?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 za Marekani, na nyuma ya takwimu hiyo kuna karo, paa za mabati na matibabu ya wazee. Mtu anayetueleza kwamba milango ifungwe ili mashine zinunuliwe Ontario hatuambii jambo la kutufaa. Lakini serikali zetu zinaposaini makubaliano ya ajira na nchi za nje, kama Kenya ilivyofanya na Ujerumani Septemba 2024, kinachotangazwa kwa sauti kubwa ni idadi ya nafasi, na kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kama aliyekwenda ataweza kubadilisha mwajiri. Ya pili ndiyo inayoamua atatuma kiasi gani. Utafiti wa Falme za Kiarabu unatupa kipimo: sharti moja la barua lilikuwa linakula zaidi ya asilimia 10 ya mapato ya mtu.

Mwenye kibali kilichofungwa anaweza kufanya nini sasa?

Tangu Juni 2019 Kanada hutoa kibali cha wazi kwa mfanyakazi anayeonyesha kwamba ananyanyaswa na mwajiri wake au yuko katika hatari ya kunyanyaswa. Ombi lake halitozwi ada, na mwajiri hahitajiki kulikubali. Unyanyasaji unahusu pia fedha, kwa mfano kunyimwa malipo ya saa zilizofanyiwa kazi, kwa hiyo inafaa mtu aandike mwenyewe kila siku saa ya kuanza na ya kumaliza, na ahifadhi kila hati ya malipo. Ni kosa kisheria kwa mwajiri wa mpango huu kumtoza mfanyakazi ada ya kumwajiri au gharama ya LMIA, na anayedaiwa fedha hizo, hata na wakala wa nyumbani anayeheshimika mtaani, ajue kwamba anauziwa kitu ambacho hakipaswi kuuzwa. Na kabla ya kusaini, amuulize mwajiri maswali mawili ambayo watu wachache huuliza: wenyeji wangapi wanafanya kazi hii pamoja nami, na malipo ya kazi hii yalipanda lini mara ya mwisho.